Wakuu, tukubalianeje kuhusu maelezo ndani ya CSS?

Zabibu_Chachu: Habari za jioni wakuu. Tuko wanne, tunatengeneza tovuti hapa Dodoma. Wawili tunakaa karibu na UDOM, mmoja Kisasa, wa nne yuko Dar, hupanda SGR mwisho wa mwezi tukutane. Kodi (ya kompyuta, si ya TRA) tunaiandika pamoja, ila maelezo (yale ya kusomwa na sisi, si kivinjari) ndani ya mafaili ya CSS, yanayopanga mwonekano wa tovuti, kila mtu na lake. Mmoja anaandika Kiingereza cha ripoti. Mwingine "USIGUSE HAPA!!!" halafu basi. Wa Dar haandiki kitu, eti kodi nzuri inajieleza.

Juzi nilifuta `z-index: 9999` (agizo la kipi kikae juu ya kipi) niliyoona haina kazi. Menyu ya kwenye simu ikazama chini ya picha, mteja akanipigia saa moja asubuhi. Leo nimeongeza maelezo tu, `// rangi ya mteja`, juu ya rangi ya kitufe, na rangi yenyewe imetoweka! Tufuate utaratibu gani?

Fundi_Makole: Hilo la rangi kwanza. CSS haijui mikwaju miwili. Maelezo huanza na `/*` na kuishia na `*/`, hakuna njia nyingine. Ukiweka `//`, kivinjari kinasoma maneno yako pamoja na mstari unaofuata kama agizo moja bovu, kinalitupa lote mpaka kwenye nukta mkato. Umezoea lugha kama JavaScript au Sass (CSS iliyoongezewa uwezo) wewe, huko ndiko inakubalika.

Zabibu_Chachu: Aisee! Nimebadilisha, rangi imerudi. Saa nzima nilikuwa namlaumu mwenzangu.

Binti_Kongwa: Angalieni KSS, mtindo wa kuandika maelezo ya CSS kwa mpangilio. Unaandika kitu ni nini, sura zake nyingine, kisha namba yake kwenye mwongozo:

```
/*
Kitufe cha kutuma ombi.

.kikubwa - kwa simu
.kimezimwa - fomu haijajazwa yote

Styleguide 2.1
*/
```

Kuna programu zinazosoma maelezo hayo na kutengeneza ukurasa wa mwongozo. Mkihamia Sass, ipo SassDoc ya kazi hiyohiyo, yenyewe inataka mikwaju mitatu.

Mzee_wa_Sabasaba: Kwa watu wanne mtajichosha na namba hizo. Mimi nataka kitu kimoja: andika KWA NINI. Ukiweka `color: red` halafu pembeni "rangi nyekundu", unamwambia nani, kipofu? Ila aliyeandika 9999 angeongeza "menyu ipite juu ya picha za ukurasa wa mbele", usingeifuta. Na hizo 9999 zenyewe ziondoeni. Matabaka yote yawekeni sehemu moja kwenye `:root` (thamani za kutumika ukurasa mzima), kama `--tabaka-menyu: 300`, kila mtu ayaone.

Binti_Kongwa: Mzee hapo nakuunga mkono, ila fomu na vitufe vinarudiwa kila ukurasa. Hivyo vinahitaji muundo.

Fundi_Makole: Na lugha je? Chagueni moja. Mradi ukija kupokelewa na mtu asiyejua Kiswahili, mtaandika upya.

Zabibu_Chachu: Wateja wetu wote wa hapahapa, tumechagua Kiswahili. KSS kwa vitufe na fomu, bila namba kwanza. Kwingine "kwa nini" tu, na asiyeandika, kazi yake haiunganishwi. Wa Dar bado anabisha. Anashuka Jumamosi, namsubiri stesheni na ile 9999 yake, maana nimeangalia historia ya Git (inayotunza nani alibadili nini), ni yeye aliyeiweka.