Mkaguzi apigaye simu kabla ya kuja: huo ni ukaguzi au ugeni? (Malindi)

Wadau, nina hasira na sina nia ya kuzificha.

Mdogo wangu ana miaka 31, ana mtindio wa ubongo na kifafa. Mamangu alipopooza hatukuwa na namna, tukampeleka mdogo wangu kwenye nyumba moja ya matunzo hapa Malindi. Wanaishi wanne, na wahudumu wa zamu mchana na usiku. Wazo lenyewe nililipenda: si hospitali, si kufungiwa chumbani. Kila mtu na kitanda chake na kabati lake, analoweza anafanya, lisilowezekana anasaidiwa.

Jumanne nikapeleka nepi na sabuni bila kupiga simu. Adhana ya alasiri ilikuwa imetoka punde. Daftari la dawa liko wazi mezani, nikalitupia jicho. Kidonge cha kifafa cha saa mbili usiku, tarehe ya siku hiyo hiyo, kimeshatiwa sahihi. Saa mbili usiku, na jua bado linachoma mabati! Nikafunua kurasa za nyuma: wiki nzima mkono mmoja, kalamu moja, hata siku ambazo huyo mhudumu hakuwa zamu. Nikahesabu vidonge. Vilitakiwa kubaki 12, vimebaki 21. Wenye wagonjwa mnajua, dawa hii hairukwi. Ukiikatiza ghafla kifafa hurudi kwa kishindo.

Nikamgeuza mdogo wangu. Kwenye nyonga pana doa limeiva, la moto, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Hicho ni kidonda cha kulalia kinaanza. Asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi, na hilo halihitaji shahada.

Msimamizi ananijibu: "Dada, mwezi jana tulikaguliwa, tukapita."

Hapo ndipo nilipowaka, maana ukaguzi huo mimi nilikuwepo. Simu ilipigwa wiki nzima kabla. Kuta zikapakwa chokaa, mashuka yakatandikwa bado yana mikunjo ya dukani, pilau likapikwa. Mkaguzi akakaa na mafaili, akahesabu vitanda, akatazama kizimamoto, akaondoka kabla ya adhuhuri. Mdogo wangu hakuulizwa neno. "Haongei," akaambiwa, naye akaandika. Haongei vipi? Mwulize jambo: akikunja kidole gumba ni ndiyo, akigeuza uso ni hapana. Watoto wa mtaani kwetu wote wanalijua hilo.

(Na mimi siku hiyo niliandika "huduma nzuri" kwenye kitabu cha wageni, nimeshiba pilau lao. Nilaumuni, nastahili.)

Binamu yetu ni mlezi Uingereza. Anasema wakaguzi wa huko, Care Quality Commission, huuliza mambo matano: huduma ni salama, inafaa, ina utu, inamsikiliza mwenyewe, inaongozwa vizuri? Ripoti inawekwa hadharani, kila mtu asome. Siwasifu bure. Mwaka 2011 ilibidi kamera ya siri ya BBC ndiyo ifichue wagonjwa wanavyoteswa Winterbourne View, hospitali ya wenye ulemavu wa akili huko huko Uingereza, na muuguzi mmoja alikuwa ameshawapa wakaguzi habari wasifuatilie. Lakini angalau yale matano yanaanzia kwa mtu, sio kwa kizimamoto.

Na msiniambie kwetu hakuna sheria. Ibara ya 54 ya Katiba inasema mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na utu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia 2008, na kifungu cha 16 kinataka huduma kama hizi zifuatiliwe na mamlaka huru. Huru! Sio mtu wa kuandaliwa sahani.

Picha za daftari ninazo, na daktari ameshaliona doa. Barua ya malalamiko inakwenda kaunti kesho, pamoja na picha. Ila siwezi kungoja barua ijibiwe huku mdogo wangu amelalia ubavu mmoja. Wenye ndugu kwenye nyumba za aina hii, hapa Malindi au Watamu, tupangiane zamu. Mmoja aende alfajiri, mwingine saa tatu usiku, bila simu. Tuhesabu vidonge, tuinue shuka, tumwulize mwenyewe. Mimi nimechukua Ijumaa usiku. Jumapili nani?