Lambalamba kakataa kupimwa kwa ndoo kumi, lakini mama mkubwa kafukuzwa kijijini

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyo hivyo. Sitaki mjadala wa kama uchawi upo au haupo. Ninachouliza ni kimoja: mtu anayedai anaona yaliyofichika, kwa nini hapimwi kabla hajamnyooshea mtu kidole?

Mwezi uliopita lambalamba (wengine mnawaita kamchape), hawa wanaodai kufichua wachawi na kuchimbua uchawi majumbani, waliitwa kijijini kwetu. Kila kaya ikachangishwa, na asiyetoa akahesabiwa ana la kuficha. Walipofika kwa mama mkubwa, mjane wa miaka 71, kiongozi wao akazunguka ua na kioo chake mkononi, akasimama nyuma ya banda la kuku akasema chimbeni hapa. Jembe walishika wao wenyewe. Ikatoka pembe iliyofungwa uzi mwekundu.

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Mvua ilikuwa imepiga siku mbili mfululizo, udongo wa ule ua ni mfinyanzi, jembe lilitoka limebeba tope. Pembe ilikuwa KAVU. Ule uzi ulikuwa umekolea rangi kama umenunuliwa asubuhi. Nikapiga kelele watu waone, nikaambiwa ninyamaze nisije nikafuata mimi.

Nikawaomba jambo dogo. Zije ndoo kumi, zifunikwe chini, pembe ile ile iwekwe chini ya ndoo moja. Anayeificha aondoke kabisa kabla mtafutaji hajaitwa, na sisi tutakaobaki tusijue ipo wapi, asije akasoma macho ya mtu. Arudie mara tatu. Anayebahatisha atazipata zote tatu mara moja tu katika 1,000. Anayeona kweli, kwake ni kazi ya dakika tano. Jibu? "Mizimu haijaribiwi." Na mwenyekiti wa kitongoji akatikisa kichwa kukubali!

Sikuomba jambo la ajabu. James Randi, mtu wa mazingaombwe wa kule Marekani, aliahidi dola 1,000 mwaka 1964 kwa yeyote atakayeonyesha uwezo wa namna hii chini ya masharti ambayo pande zote mbili zimekubaliana. Kufikia 1996 zawadi ilikuwa dola milioni moja. Hadi shindano linafungwa mwaka 2015, watu zaidi ya elfu moja walikuwa wameomba kujaribu. Hakuna hata mmoja aliyevuka mchujo wa kwanza. Masharti walikubali wenyewe, na kabla ya kuanza walikuwa wana uhakika watashinda.

Shemeji yangu, msomi kabisa, ananiambia mbona wapo wanasayansi waliowahi kuthibitisha. Shemeji, msomi naye hudanganywa, tena kirahisi, maana kazoea kupima vitu visivyo na hila. Mwaka 1979 chuo kikuu cha Washington mjini St. Louis kilipewa dola 500,000 kuchunguza nguvu hizi, mkuu wa maabara akiwa mwanafizikia Peter Phillips. Vijana wawili, Steve Shaw na Michael Edwards, wakaenda wakisema wanapinda vijiko kwa akili. Walikuwa wametumwa na Randi. Kila kijiko kilikuwa na kikaratasi cha namba kilichofungwa kwa uzi. Vijana wakawa wanabadilisha vikaratasi. Kijiko kikipimwa tena, vipimo havifanani na vya mwanzo, basi inaonekana kimepinda chenyewe! Randi alikuwa ameshawaandikia mapema mambo ya kujihadhari nayo, na akajitolea kuja kusaidia bure. Vijana nao walikuwa na agizo: mkiulizwa moja kwa moja kama mnadanganya, semeni ndiyo na mtaje aliyewatuma. Hawakuulizwa. Mwaka 1983 Randi akatoa siri hadharani.

Kama maabara ya nusu milioni ilizidiwa na vijana wenye vikaratasi mkononi, umati wa kijiji wenye hofu utaona nini kwenye mikono ya watu wanne wanaochimba shimo?

Halafu hili linaniuma zaidi. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, baada ya ndugu zetu wenye ualbino kuuawa. Leo wanaingia kijijini mchana, kwa ngoma, na michango inakusanywa hadharani.

Mama mkubwa sasa yupo kwa binti yake mjini, analala sebuleni. Kuku wake waligawanwa siku ile ile. Kila asubuhi ananiuliza kama kuna aliyemwagilia mchicha wake, na mimi namdanganya kwamba yupo.

Nimesikia lambalamba hao wameitwa kata ya jirani wiki ijayo. Mwenye ndugu huko anijulishe PM, ndoo kumi ninazo na nauli nitajilipia. Anayejua namna ya kufungua kesi ya jambo hili, kuanzia polisi wa wilaya, naomba anielekeze hapa hapa.