Kwa nini watu huikataa imani ya Kikristo kwa sababu ni nyepesi mno?

Muulizaji

Ndugu zangu, naomba msaada wa mawazo. Ninafundisha darasa la watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, na kila mara hukutana na jambo lile lile: nikieleza amri, mfungo na nidhamu ya sala, hakuna anayebisha, lakini nikifika Waefeso 2:8-9, kwamba wokovu ni kipawa na si matokeo ya matendo, nyuso hubadilika. Mmoja wao, mtu msomi na mwenye adabu, aliniambia wazi kwamba dini isiyomdai chochote haimheshimu. Nilimsomea Matendo 16, ambapo mlinzi wa gereza la Filipi aliuliza afanye nini apate kuokoka, akajibiwa, «Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka.» Alitabasamu, akasema kwamba mtu aliyetoka kuuchomoa upanga ili ajiue hawezi kuwa kipimo cha mtu aliyetulia. Sikuwa na jibu. Je, tatizo ni kiburi, au kuna jambo nisiloliona?

Mzee wa Kanisa

Ndugu Muulizaji, msomee 2 Wafalme 5, lakini usianzie mtoni. Anzia kwenye mizigo. Naamani, jemadari wa Shamu (Siria) aliyekuwa na ukoma, aliondoka kwao na talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi. Huyo ni mtu aliyekwisha kuamua kwamba uponyaji wake utakuwa na bei inayolingana na cheo chake. Nabii Elisha hakutoka hata nje kumlaki. Alimtuma mjumbe amwambie akaoge mara saba katika Yordani. Hasira ya Naamani haikutokana na ugumu wa agizo, kwa kuwa watumishi wake walimkumbusha kwamba angaliambiwa kutenda jambo kubwa angalilitenda. Kilichomuuma ni kwamba katika maji yale jemadari na mtumwa huoga kwa namna moja. Tena, alipopona na kurudi na zawadi zake, nabii alizikataa, na Gehazi, mtumishi wa nabii, aliyemkimbilia Naamani ili achukue malipo kwa siri ndiye aliyerudi na ukoma. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na nakiri kwamba sisi viongozi humfanana Gehazi mara nyingi kuliko tunavyopenda kusema.

Mpenda Maandiko

Naongeza jambo la lugha. Sisi tunaosema Kiswahili tuna neno «bure» lenye pande mbili: kitu kisicholipiwa, na kitu kisicho na faida. Katika Warumi 3:24 watu wanahesabiwa haki, yaani wanakubaliwa na Mungu kuwa wenye haki, bure. Katika Wagalatia 2:21 Paulo anasema kwamba kama haki hupatikana kwa njia ya sheria, basi Kristo alikufa bure. Nilidhani huo ni udhaifu wa tafsiri yetu, hadi nilipogundua kwamba Kigiriki nacho kinatumia neno moja, dorean, katika mistari yote miwili. Kwa hiyo msomi wako anaposikia «bure» na kushuku kwamba hakina thamani, anasikia upande mmoja wa neno ambalo Paulo mwenyewe alilitumia kwa pande zote mbili. Na upande wa pili ni kwamba kipawa hicho ni bure kwa anayepokea tu, si kwa aliyetoa.

Hofu kwamba neema itazaa ulegevu nayo si ya jana. Paulo aliijibu katika Warumi 6, na Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kijerumani, ambaye hakupendezwa na waraka wa Yakobo unaosisitiza kwamba imani bila matendo imekufa, aliuita wa majani makavu, yaani usio na uzito, mwaka 1522. Wakatoliki na Walutheri walisubiri hadi tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, kutia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki.

Aliyekaa Nje

Samahani, wazee wangu, nami niseme, kwa kuwa mnanizungumzia bila kunijua. Mimi si Naamani. Nilipomuuguza ndugu yangu, niliuliza kwa nini maombi yetu hayajibiwi, na kiongozi mmoja aliniambia niamini tu kama mtoto na niache maswali. Ndugu yangu alipofariki, nikaambiwa kwamba imani yetu ilikuwa ndogo. Sasa niambieni, unyepesi ule ulikuwa wapi? Ulikuwa mzigo uliopakwa rangi ya neema. Yule baba katika Marko 9 alisema, «Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,» na mwanawe akaponywa pasipo yeye kukaripiwa. Ningeambiwa hivyo, huenda nisingeondoka.

Mzee wa Kanisa

Ndugu yangu, pole sana. Uliyotendewa hayakuwa imani, na sitayatetea.

Muulizaji

Nimesoma yote mara mbili. Ndugu Aliyekaa Nje, asante kwa kutuamini na habari hiyo. Nimetambua kwamba nilimsomea yule mwanafunzi mistari, nikamhesabu kuwa mwenye kiburi, wala sikumwuliza hata mara moja neno «bure» lilimfikia kwanza kutoka kwa nani. Tutakapokutana tena nitaiweka Filipi kando na kuanza na swali hilo.