Naomba ushauri: uso wa mtu au anga la Kivu, nichague kipi?

Kijana wa Himbi
Wakubwa, hamjambo. Miaka 6 sasa napiga picha za harusi hapa Goma na kazi hiyo naimudu. Safari ndiyo inayonishinda. Mwezi uliopita nilikwenda kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, kwa boti, nikarudi na picha zaidi ya 400. Zinazonipendeza hazifiki 10. Nikitaka anga na vilima vionekane, nyuso zinakuwa nyeusi tii. Nikitaka uso, ziwa lote linageuka karatasi nyeupe.

Moja inaniuma hasa. Kabla sijapanda boti nilimpiga picha mama mmoja, amesimama juu ya mawe meusi ya ufukweni, beseni la sambaza kichwani, saa 6 mchana. Samaki wanang'aa hadi magamba, lakini macho yake hayaonekani. Rafiki yangu anasema nipige kila mtu kama kivuli mbele ya machweo, ndivyo inavyopendwa siku hizi. Lakini yule mama aliniruhusu nimpige yeye, si kivuli chake. Ninunue flashi? Au nisubiri jioni tu?

Yaya wa Kadutu
Mdogo wangu, flashi iache kwanza. Tazama alipokanyaga. Mtu akisimama kwenye mchanga mweupe, mwanga unagonga chini na kurudi hadi chini ya kidevu. Mawe ya volkano yanaumeza palepale. Halafu huku kwetu karibu na Ikweta jua la saa 6 liko utosini, na beseni nalo limemfunika kama mwavuli. Uso upate mwanga kutoka wapi?

Mimi hutembea na shuka jeupe. Mtu analishika usawa wa kiuno, hatua mbili mbele ya anayepigwa, mahali jua linapoligonga, na uso unafunguka hapohapo. Kama huna wa kukushikia, mwombe mama asogee kwenye kibanda, asimame kizingitini akitazama nje. Anga lote linamwangazia taratibu, na nyuma yake kuna giza la ndani. Picha zangu ninazozipenda zaidi nimezipigia mlangoni.

Fundi Lenzi
Naongezea. Kamera haijui inatazama nini, inataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Ukijaza picha kwa mawe meusi, inaongeza mwanga na anga linaungua, yaani linabaki jeupe tupu. Ukijaza ukungu wa asubuhi wa ziwani, inapunguza na uso unazama. Kwa hiyo mbele ya ukungu ongeza mwanga kwenye kamera, hatua (stop) 1 hadi 1 na nusu. Mbele ya ukuta wa mawe, punguza. Au tumia kipimo cha nukta (spot), kinachopima mwanga wa sehemu ndogo tu, upime shavuni. Na piga RAW, faili ghafi la kamera: kivulini utaokoa kitu, palipoungua harudi mtu.

Mzee wa Mtumbwi
Msivitukane vivuli, wanangu. Wavuvi wa sambaza wanaporudi alfajiri wakiimba, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma, uso wa nani utauona kwa umbali ule? Umbo ndilo linalosema. Pima angani, waache wawe weusi, ila subiri watengane. Wakipishana wanakuwa donge moja.

Kuhusu jioni: jua letu halitelezi, linadondoka. Ukifungua mkoba saa 12 umechelewa. Dakika 20 baada ya kuzama, giza limeingia. Na ufukwe wa Goma unatazama kusini, kwa hiyo linazama kuliani kwako. Mwezi wa 6 mchana liko mgongoni, mwezi wa 12 liko mbele. Ndiyo maana picha ya Desemba haifanani na ya Juni, hata ukisimama palepale.

Kijana wa Himbi
Aksanti sana wakubwa. Leo nimemrudia yule mama na shuka la kitandani, mdogo wangu akalishika, nikapima shavuni. Kumbe ana kovu dogo juu ya nyusi! Nilipomwonyesha kwenye kioo cha kamera alicheka, akaita wenzake wawili nao wapigwe. Wavuvi nitawapiga kama alivyosema mzee. Limebaki moja: kwenye boti nibebe stendi ya miguu mitatu?

Mzee wa Mtumbwi
Iache nyumbani. Injini inatikisa sakafu na stendi inatikisika nayo. Kasi ya shata iwe 1/500 ya sekunde au zaidi, viwiko mbavuni, usiegemee chuma. Na bandarini kamera ikae mkobani hadi boti iondoke.