Naomba ushauri: wiki nne za upasuaji Marekani, hospitali kubwa au ndogo?

FundoMoja: Habari za jioni, wanajukwaa. Ninasoma udaktari Dar es Salaam na nimekusudia kuomba mafunzo ya ubingwa wa upasuaji Marekani, ambako maombi hutumwa Septemba na matokeo hutoka Machi. Hospitali mbili za huko ziko tayari kunipokea kwa wiki nne za mafunzo ya vitendo, moja ya chuo kikuu mashuhuri, nyingine ya mji mdogo. Usingizi umenipaa, niende ipi?

BibiWodi: Nenda ndogo, mwanangu. Tangu Januari 2022 mtihani wa kwanza wa USMLE, ile mitihani ya leseni ya udaktari Marekani, hautoi alama, bali kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo barua ya mapendekezo ya mpasuaji aliyekuona kazini ina uzito, nawe katika hospitali kubwa utasimama nyuma ya foleni usikate hata uzi.

MzeeWaKigoma: Kwani lazima Marekani? COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao makuu Arusha, kinafundisha wapasuaji humu humu. Sisi tulipasua kwa mwanga wa kandili na wagonjwa wakapona, lakini vijana wa leo mnataka theluji.

Ng'ambo: Ndugu, uko mwaka wa ngapi, na unaomba viza gani? Mwanafunzi wa chuo cha nje huweza kupewa viza ya B-1 kwa mafunzo ya vitendo yasiyo na malipo, yaliyo sehemu ya masomo yake. Aliyehitimu kwa kawaida hutazama tu, hamgusi mgonjwa.

FundoMoja: Kwa kuwa nimebanwa, nitasema. Nimekwisha kuhitimu, niko utarajali. Hata hivyo, mratibu wa chuo ni mtu wa kwetu, naye amekubali kuandika kwamba bado ni mwanafunzi. Simwibii mtu, kazi ni ileile, na tiketi nimeshalipia.

KakaBandeji: Mtu wa kwenu huyo akuandikie kabisa na barua ya dhamana.

Ng'ambo: ECFMG, taasisi ya Marekani inayokagua vyeti vya madaktari waliosoma nje, huthibitisha cheti chako moja kwa moja na chuo, na cheti kina tarehe ya kuhitimu. Barua ya mratibu na cheti hicho vikikutana katika faili moja, utajieleza vipi?

Mpitanjia: Mimi nina shaka na uzi wenyewe. Mtarajali anayekesha wodini anapata wapi wiki nne, na hospitali mbili zimemkubali kwa nyaraka zipi? Nyuzi za namna hii huishia kwa namba ya simu ya wakala anayeuza barua.

MzeeWaKigoma: Nami nilihisi hivyo, nikanyamaza.

FundoMoja: Mimi si wakala! Siku nitakazokosa nitazifidia mwishoni mwa utarajali.

BibiWodi: Wakala au si wakala, iandikie ile hospitali ndogo, ueleze kwamba umehitimu na unaomba kutazama tu. Barua ya mtazamaji ni nyepesi, lakini haikufungii mlango.

FundoMoja: Nimekusikia, mama. Ila nauli hairudishwi, na mratibu ananisubiri Jumatatu.