Kabati la chini ya sinki linanuka uvundo, nyumba ya kupanga Kisumu. Nianzie wapi?

Mpangaji_Mamboleo
Habari zenu wadau. Kabati la jikoni chini ya sinki linanuka uvundo, harufu ya udongo mbichi hivi. Nyumba ni ya kupanga, iko Mamboleo, ghorofa ya chini. Kabati ni la chipbodi yenye ngozi nyeupe, limepachikwa chini ya slabu ya zege yenye vigae. Mgongo wake ni hadibodi na nyuma yake ni ukuta wa nje. Sioni maji yakidondoka. Nimepangusa kwa Jik, nikaweka kibakuli cha magadi ya kuokea. Harufu hupungua kisha inarudi, na mvua ikinyesha inazidi. Ubao wa chini umefura pale bomba linapopita. Nianzie wapi, na nisiguse nini ndiyo diposi yangu isiliwe?

Bomba_Naks
Usinunue dawa yoyote kabla hujajua maji yanatoka wapi. Ukiua kuvu na unyevu ukabaki, kuvu itaota tena.

Kwanza tenganisha harufu. Udongo mbichi ni kuvu. Mayai yaliyooza ni hewa ya mtaro: ama trapu (kona ya bomba chini ya sinki inayobaki na maji ya kuzuia harufu) imekauka, ama hakuna trapu kabisa, na nyumba za kupanga za namna hiyo ziko tele, bomba limenyooka moja kwa moja hadi nje. Kama mtungi wa gesi unakaa humo, harufu ya kabichi iliyooza ni gesi inayovuja. Funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi wala kiberiti. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama chini ya kabati. Hewa ikishasafika ndipo upake povu la sabuni kwenye reguleta na mpira utafute mapovu.

Kwako ni kuvu, kwa hiyo pima maji. Toa kila kitu, kausha mabomba kwa kitambaa, tandika karatasi kavu za tishu sakafuni mwa kabati na uzungushe nyingine kwenye kila kiungo. Ziba sinki, lijaze, kisha achia maji yote kwa mpigo. Mfereji unaotiririka polepole hauonyeshi kitu, kiungo kibovu huvuja bomba likijaa. Kisha mimina kikombe cha maji juu ya slabu, pale vigae vinapokutana na ukuta, na mwishowe kingine kwenye shingo ya mfereji. Angalia tishu baada ya kila hatua, la sivyo hutajua ni ipi iliyolowesha.

Tishu ya trapu ikilowa, fungua nati kwa mkono na uangalie washa (pete laini ya kuzuia maji ndani ya kiungo). Ile yenye umbo la koni, upande mwembamba huingia ndani ya kiungo. Ikigeuzwa inavuja hata ukikaza vipi. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi. Nati za plastiki hupasuka kwa kukazwa na spana. Tepu nyeupe haisaidii hapo, kinachozuia maji ni washa, si nyuzi za nati.

Mbao_Kakamega
Nyongeza ya upande wa mbao. Ngozi nyeupe haipitishi maji, tatizo ni kingo zilizokatwa zikaachwa wazi: tundu la bomba, kingo za nyuma, na miguu ya kabati inayokaa juu ya sakafu na kunywa maji kila mkipiga deki. Ng'oa ubao mwembamba wa mbele chini ya milango (mara nyingi umeshikwa kwa skurubu mbili au klipu) umulike na tochi. Mara nyingi utakuta vumbi la mbao na vipande vya karatasi ambavyo fundi aliviacha humo, vimelowa na vinanuka kuliko kabati lenyewe.

Pima unene wa ubao kwa rula. Chipbodi ya makabati kwa kawaida ni milimita 16 au 18. Palipofura pakifika 21 au 22, hapo gundi imeshaachia na ubao haurudi hata ukauke vipi. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi: ikiingia na kutoa makombo, kipande hicho kinabadilishwa, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Ikiwa ngumu, unaweza kuuokoa.

MamaWatatu
Mimi huchanganya Jik na siki, napuliza na kufunga milango usiku kucha. Harufu yote kwisha.

Bomba_Naks
Mama, samahani, hapo lazima nikukatize. Jik ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, na kuivuta ukifungua kabati lililofungwa ni kuumiza mapafu. Tumia moja tu. Na kwa mbao, Jik si chaguo zuri: klorini inafanya kazi juu juu, maji yake yanazama ndani ya ubao na kulisha kuvu iliyobaki. Ndiyo maana ya kwako, Mpangaji, inarudi. Jik ni ya vigae, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, dakika kumi, suuza.

Mbao_Kakamega
Kweli kabisa. Kwa ubao tumia siki nyeupe bila kuiongezea maji, ila kwa kuwa ulishatumia Jik, suuza kwanza na uache pakauke. Vaa barakoa na glavu, maana kuvu ikisuguliwa ikiwa kavu inapeperusha mbegu jikoni kote. Puliza kidogo, usiloweshe, acha saa moja, pangusa kwa kitambaa kibichi, kisha kikavu. Pitia chini ya rafu na ndani ya matundu ya bawaba, watu husahau huko.

Halafu kukausha, na hapa ndipo wengi huharakisha. Toa rafu, acha milango wazi, elekeza feni ndani siku tatu hadi tano. Kisumu msimu wa mvua, hewa ya alfajiri imejaa unyevu. Fungua dirisha kuanzia saa tano asubuhi hadi jioni, usiku lifunge. Ukikauka, piga msasa namba 120 kwenye kingo tu, kisha vanishi ya mafuta. Mkono wa kwanza punguza makali kwa tapentaini, sehemu moja kwa kumi, ili uzame. Subiri hadi kesho yake, rudia mara mbili bila tapentaini. Nusu lita inatosha na kubaki. Ukipaka ubao ungali mbichi umefungia unyevu ndani, na vanishi itatoka maganda.

Makaa na kahawa wacheni. Vinapunguza harufu kidogo, lakini havikaushi ubao.

Mpangaji_Mamboleo
Asanteni. Tishu ya trapu ni kavu kabisa. Tishu ya nyuma ililowa nilipomimina maji juu ya slabu, grauti (saruji ya kuziba kati ya vigae) ya pale kwenye ukuta ina ufa. Lakini ufa huo hauelezi mvua. Ama?

Bomba_Naks
Hauelezi. Una vyanzo viwili. Fungua hadibodi ya mgongo, bandika kipande cha nailoni safi ukutani karibu na sakafu, tepu pande zote nne, kisiingize hewa, ukiache siku nzima. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanapita ukutani. Yakiwa upande wako, ni mvuke wa jikoni unaoganda kwenye ukuta baridi.

Mpangaji_Mamboleo
Upande wa ukutani, na ni chini tu, kimo cha kigae kimoja hivi.

Bomba_Naks
Basi nenda nje ukutazame ukuta huo huo. Udongo au maua yaliyorundikwa juu ya usawa wa sakafu, bomba la gata (mfereji wa maji ya paa) linalomwaga mguuni mwa ukuta, au plasta yenye ufa. Udongo unaweza kuushusha kwa jembe, ukaachia sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu. Gata na plasta ni za mwenye nyumba.

Ufa wa slabu ni kazi ya saa moja: kwangua grauti iliyolegea, kausha, jaza silikoni ya bafu na jikoni, lainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, usimwage maji hapo saa 24.

Kodi_na_Diposi
Kabla ya vanishi na silikoni, mwandikie mwenye nyumba, si kumpigia simu keateka (msimamizi wa nyumba) tu. Weka picha ya nailoni yenye matone, ya ubao uliofura ukiwa na rula kando, na ya gata nje. Omba kibali cha kupaka, na uulize kama gharama itakatwa kwenye kodi. Asipojibu, fanya yale yanayoondoleka bila alama: kusafisha, kukausha, kusogeza udongo. Hadibodi usiitupe hata ikiwa imeoza, iweke stoo, maana siku ya kuhama itaulizwa.

MamaWatatu
Nimesikia kuhusu Jik, asante ndugu. Lakini unga na omena vitoke humo hadi ukuta ukauke. Omena hunyonya unyevu, na ikianza kunuka hamtajua tena ni ubao au ni samaki.