"Kupandwa na mori" ni hasira tu?

Swali: Wadau, "amepandwa na mori" ni sawa na "amekasirika"? Je, lazima pawe na kisasi?

Jibu la 1: Si sawa hata kidogo. Mori ni hasira ya kutaka kushambulia. Mwenye nayo hutetemeka, haambiliki. Ndiyo maana huwafaa wapiganaji: "Walipoona mwenzao kaanguka, wakapandwa na mori." Chai ikimwagika, sema "amekasirika" au "amehamaki".

Jibu la 2: Naongezea. Kisasi si lazima. Kinyongo huwekwa moyoni hata miaka. Mori hupanda ghafla. Ukitaka kisasi kionekane, kitaje: "Akapandwa na mori, akaapa kulipiza kisasi." Na tafadhali, kisasi hulipizwa, "kufanya kisasi" hukwaruza sikio.

Muuliza: Nimeelewa, shukrani. Narekebisha sentensi zangu.